Mtaro wa Mkongeni

Aliyepuliza pembe alikuwa Dorkas mwenyewe, na hilo ndilo lililomkaa kooni kama mwiba wa perege.

Asingepuliza yeye, watu wasingetoka. Wapigie watu wa Mkongeni kengele ya ofisi, wanageukia upande wa pili. Watangazie kwa kipaza sauti, wanaongeza sauti ya redio. Lakini pembe ya tandala, ile aliyoachiwa na baba yake huko Mbaga, ikilia mara tatu asubuhi ya Jumamosi, hata kijana aliyezaliwa hapa hapa Same mjini na asiyejua kupanda mlima hujikuta ameshika jembe kabla hajanawa uso. Msaragambo umeitwa. Kila kaya itoe mtu, kila mtu aje na chombo chake. Asiyekuja atafuatwa kwake, atachukuliwa kitu, kuku au jembe au stuli, na kitu hicho hakirudi mpaka mwenyewe aje amalize ngwe yake. Mifereji yote ya milimani ilichimbwa hivyo, na maji yanashuka mpaka leo bila kumwomba mtu ruhusa.

Aliyeomba msaragambo ule alikuwa Clemence, mwenyekiti wa mtaa. Alikuja mwenyewe kibandani kwa Dorkas, akaagiza makande, akala sahani nzima, akaongezwa, akashushia na chai.

"Mama Tumainieli," alisema akifuta mdomo, "bomba la maji linakuja. Wenzetu wa ng'ambo ya lami wameshapata. Sisi tunatakiwa tuchimbe mtaro tu, mabomba juu yao. Na wewe ndiye mwenye pembe. Ukiita wewe, watakuja."

"Maji kweli, Mwenyekiti?"

"Sasa nikudanganye nikiwa na makande yako tumboni?"

Nani wa Same angekataa maji? Mji ambao upepo wake unakausha nguo kabla hujabana ya pili kambani, mji ambao dumu la maji linalindwa kuliko binti. Dorkas akapuliza. Watu wakaja. Wakagawana ngwe kama ilivyo ada, kila kaya kipande chake, wakachimba toka nguzo ya umeme mpaka kwa Shamsa mshonaji, sambamba na lami, mbele ya vibanda vyote. Shamsa alifunga baibui kiunoni akachimba kuliko wanaume wawili, huku anawatania Wakristo kwamba jembe la Mlutheri linalia lakini haliingii. Wakacheka. Kijana mmoja mwenye kofia ngumu, ambaye Clemence alimtambulisha kwa jina la Injinia Rodgers, alikuwa anapita akipiga picha kwa simu.

"Shikamoo, mama. Hebu shika pembe tena. Hivyo hivyo. Tabasamu kidogo."

Dorkas akatabasamu. Mpaka leo akilikumbuka lile tabasamu anatamani kulifuta usoni kwa kisugulio cha sufuria.

Mabomba hayakuja. Yalikuja malori ya mawe, kisha nondo, kisha saruji, na vyote vikamwagwa kando ya ule mtaro. Mwisho likaja bango. Vijana walilisimika mbele ya nguzo ya umeme, wakalibandua nailoni, na watu wote waliokuwa wakisubiri makande wakasimama na vijiko mikononi.

Kulikuwa na jengo la vioo limechorwa, ghorofa nne, lenye miti ambayo haijawahi kuota Same. Chini ya jengo kulikuwa na picha. Dorkas, mkubwa kama mlango, pembe mkononi, meno yote nje. Pembeni mwa sikio lake yalikuwa maneno: WANANCHI WA MKONGENI WAKIJITOLEA KUCHIMBA MSINGI WA KITUO CHAO CHA KISASA CHA BIASHARA.

"Shoga," Shamsa alisema polepole, "msingi ndiyo nini tena? Si tulichimba maji?"

Dorkas aliweka mwiko chini, akavuka mtaro, akamfuata Rodgers aliyekuwa anahesabiwa mawe.

"Baba, hili ni nini?"

"Shikamoo, mama. Ni mradi huo. Mtapendeza sana."

"Marahaba. Nakuuliza mtaro huu ni wa nini."

"Msingi wa ukuta. Eneo lote hili la mbele litazungushiwa ukuta ili kazi ianze. Vibanda vinatoka mpaka Ijumaa."

"Na sisi wenye nyumba nyuma ya ukuta tutatokea wapi?"

Rodgers alinyoosha kalamu kuelekea nyuma, kule korongoni, kule wanakotupa takataka na ambako masika maji yanapita kwa hasira. "Kuna njia kule."

"Kule kuna korongo."

"Korongo si linavukika, mama? Nyie si watu wa milima?" Akacheka, na vijana wake wakacheka naye. Kisha akasema kwa sauti ya upole, ile ya daktari anayekwambia mguu unakatwa: "Usiwe na wasiwasi. Nyumba za nyuma nazo, baadaye, bosi atazinunua. Mkielewana."

Hapo Dorkas aliona jambo zima kama mtu anavyoona nyoka baada ya kukanyaga. Ukuta kwanza. Ukuta ukishasimama, Mkongeni inageuka zizi. Hakuna abiria wa basi atakayevuka korongo kufuata makande, hakuna lori litakalosimama. Watakaa humo mwaka, wataanza kutazamana, na bosi atakuja kununua nyumba zao kwa bei ya kuni. Hawafukuzwi. Wanazibwa pumzi wajiondokee wenyewe.

"Hatujakubali," alisema.

Rodgers aligeuka akalionyesha bango kwa kidole gumba. "Mama, mmechimba wenyewe. Na huyo pale si wewe?"

Nyumbani alimkuta mumewe Fredrick amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga kamba za buti. Buti mpya, nyeusi. Juu alikuwa amevaa sweta la bluu lenye maandishi ya mlinzi kifuani. Fredrick alikuwa fundi uashi mpaka mgongo ulipomkataa. Tangu hapo alikuwa mtu wa kukaa mlangoni akikosoa kuta za wenzake.

"Umevaa nini hiyo?"

"Kazi," alisema bila kuinua kichwa. "Clemence kaniombea. Nalinda saiti."

"Unalinda nini, Baba Tumainieli?"

"Saruji. Mawe. Vitu."

"Unalinda ukuta utakaonizika."

"Mama Tumainieli, usianze." Akainuka, buti zikalia. Alionekana mrefu kidogo kuliko jana, na Dorkas alimwonea huruma kwa urefu ule wa kuazima. "Mji unakua. Ulitaka Same ibaki kituo cha kujisaidia abiria wa Arusha mpaka lini? Lile jengo litakuja, tukilia litakuja, tukicheka litakuja. Mimi angalau nimepata sweta."

"Sweta!"

"Unajua tangu lini nimeitwa kazini mimi? Leo kijana kaniambia, 'Mzee Fredrick, tunakutegemea.' Unajua hilo neno lina ladha gani?"

Dorkas alilijua. Ndiyo maana hakumtukana. Walikuwa wamejua bei ya kila mmoja mtaani, hao watu. Mzee wa watu alikuwa na njaa ya kuitwa, wakamwita. Yeye, Dorkas, alikuwa na kiburi cha pembe ya baba yake, wakamwomba aipulize. Hawakuhitaji polisi wala tingatinga kuichukua Mkongeni. Waliichukua kwa ada zake.

"Nenda kazini," alimwambia. "Ila ujue mimi nitaenda kwa Clemence."

Mwenyekiti alimpokea barazani kwake. Alikuwa amezama kwenye kochi lake la rangi ya damu ya mzee, kochi la mtu mmoja lenye vitambaa vya kufuma mikononi, lile ambalo kila jioni hulitoa nje na kukaa akiwatazama wapita njia kama anakagua gwaride. Hakumkaribisha kiti. Dorkas alisimama jua likimpiga kisogoni, na mke wa Clemence akapita na bakuli la ubuyu, akampa mumewe peke yake.

"Ulisema maji."

"Maji yatakuja pia. Ndani ya kituo kutakuwa na vyoo vya kisasa, vya kulipia. Vyoo bila maji umeviona wapi?" Akatema kokwa.

"Clemence, ulikula makande yangu ukaniapia."

"Mwenyekiti," alimrekebisha. "Mama Tumainieli, wewe ni mpishi, na mpishi mzuri, hilo silikatai. Mambo ya mipango miji waachie wanaoyajua. Au unataka kwenda kortini? Wapare bwana! Mpare anauza ng'ombe akashinde kesi ya kuku."

"Anauza, ndiyo," Dorkas alisema. "Maana leo ni kuku, kesho watakuja kwa huyo ng'ombe."

"Una ng'ombe wewe?"

Dorkas hakuwa naye. Clemence aliliona hilo likimfika, akachukua ubuyu mwingine. "Jambo lenyewe limeisha. Mmejitolea, mmepigwa picha, mmepongezwa. Msaragambo wenu, kwa jasho lenu. Nani atawaamini sasa?"

Alipotoka pale alikuwa anatembea taratibu, na waliomwona walidhani amevunjika moyo. Hakuwa amevunjika. Maneno ya Clemence yalikuwa yanamzunguka kichwani kama nzige. Msaragambo wenu. Jasho lenu. Alipofika kwa Shamsa alisimama mlangoni pa chumba cha cherehani, akacheka kicheko kikavu.

"Shamsa, wewe ni mtu wa bondeni, hujakulia ada hizi. Ngoja nikuulize. Kilichochimbwa kwa msaragambo ni mali ya nani?"

Shamsa aliuma uzi. "Si ya waliochimba?"

"Na waliochimba wakitaka kukifukia?"

Cherehani ilisimama. Shamsa alimtazama juu ya miwani yake, na uso wake ukaanza kuchanua polepole kama unga unaoumuka.

"Dada," alisema, "mimi chepe langu bado lina udongo wa siku ile. Sikuliosha. Maji yenyewe yako wapi?"

Pembe ililia alfajiri ya Ijumaa, siku ile ile ya kuvunjwa vibanda.

Mara ya kwanza hakutoka mtu. Upepo uliibeba sauti, ukaipeleka kwenye mashamba ya mkonge, ukairudisha tupu. Dorkas akaipangusa pembe kwa kitenge. Nani atakayemfuata tena mtu aliyewapeleka kujichimbia kaburi? Akapuliza tena. Mlango ukafunguliwa kwa Koleta muuza ndizi. Koleta alisimama kizingitini, mikono kiunoni.

"Leo tunachimba nini, Mama Tumainieli? Bwawa la samaki?"

"Leo tunafukia."

"Tunafukia?"

"Tunafukia tulichochimba. Niliwaita kwa uongo bila kujua ni uongo. Leo nawaita kwa macho yangu. Anayeogopa arudi ndani, ila ada anaijua."

Koleta alifikiri kwa muda wa kumeza mate. Kisha akaingia ndani, na wote wakasikia anavyogombana na rundo la vyombo kutafuta chepe. Pembe ilipolia mara ya tatu, Mkongeni ilikuwa nje. Wapo waliokuja kwa hasira, wapo waliokuja kwa aibu, na wapo, kama kawaida ya binadamu, waliokuja kuona nani hakuja.

"Haya," Dorkas alisema, "kaya ipi haipo?"

Watu wakatazamana, kisha wakatazama chini. Kila mtu alijua. Fredrick alikuwa amesimama pale pale, hatua chache, ndani ya kamba ya saiti, sweta la bluu limemkaba. Dorkas ni mwenye kuita, na mwenye kuita hahesabiwi ngwe. Kaya yake hutolewa mtu mwingine. Ndivyo baba yake alivyofanya, akimtoa kaka mkubwa wa Dorkas hata kama anaharisha.

"Tuanze kwangu," alisema. "Shamsa, ingia jikoni kwangu. Chukua sufuria kubwa."

"Sufuria ya makande? Dada, utauza nini?"

"Ada haiangalii mke wa nani. Chukua."

Shamsa alitoka na sufuria kichwani, nyeusi, pana kama ngoma, sufuria iliyosomesha watoto, akapita nayo mbele ya Fredrick. Fredrick aliifuata kwa macho mpaka ikaingia kwa mshonaji.

"Ya pili?" Dorkas aliuliza.

"Mwenyekiti!" watu walijibu kwa pamoja, na safari hii hakuna aliyetazama chini.

Wakaenda. Hawakuvunja mlango wala kutukana. Koleta alipiga hodi kwa adabu, mke wa Clemence akafungua, Dorkas akamwambia, "Shikamoo, shemeji. Tumekuja kwa ajili ya msaragambo. Mwenyekiti yupo?" Mwenyekiti alikuwepo, chini ya shuka, na alijibu toka huko kwamba anaumwa. "Pole sana," Dorkas alisema. "Basi akipona aje." Wanaume wanne wakanyanyua kochi barazani, vitambaa vyake vya kufuma vikining'inia, wakalipitisha katikati ya mtaa. Nyimbo za kazi zilizokuwa zimelala milimani zikaamka. Bibi mmoja aliyekuwa haongei tangu masika alitoka akapiga kigelegele.

Kochi likawekwa mbele ya kibanda cha Dorkas, likatazamana na lami. Kisha machepe yakaanza.

Udongo wa Same ukishachimbwa hauna kinyongo, unarudi haraka. Nusu ya mtaro ilikuwa imejaa Rodgers alipofika na gari, na nyuma yake askari wawili kwenye pikapu.

"Mlinzi!" Rodgers alifoka. "Mzee Fredrick! Ulikuwa wapi? Wazuie!"

Watu wakasimama, machepe hewani. Fredrick alimtazama kijana, akamtazama mkewe, akatazama upande wa kwa Shamsa. Akaanza kuvua sweta. Lilimng'ang'ania kichwani, akahangaika nalo, na wapo waliotaka kucheka lakini hawakuthubutu. Lilipotoka, alilikunja vizuri, akaliweka juu ya mfuko wa saruji.

"Injinia," alisema, "sufuria yangu imeshikwa. Sina pa kula." Akanyoosha mkono kwa jirani. "Nipe chepe."

Mgongo ulimuuma waziwazi. Akafukia hivyo hivyo, akiguna, na Dorkas akageuza uso upande wa milima kwa muda.

Askari mkubwa alikuwa mtu wa makamo mwenye macho ya kuchoka. "Kiongozi hapa nani?"

"Msaragambo," watu walisema.

"Huyo Msaragambo yuko wapi?"

Kicheko kilipasuka, mpaka askari mwenzake, ambaye kwa lafudhi yake alikuwa mtu wa Gonja, huko huko milimani, akainamisha kofia kuficha mdomo.

"Ni yule mama, afande," Rodgers alisema. "Yule wa pembe. Ameharibu mtaro wangu. Huo ni uharibifu wa mali."

Dorkas alisogea. Sauti ilitoka safi.

"Shikamoo, afande. Naomba nimuulize kijana wangu neno moja, mbele yako. Baba, huu mtaro ni wako?"

"Ni wa kampuni."

"Ulichimbwa na nani?"

"Si nyinyi."

"Mlitulipa?"

"Mlijitolea."

"Tulijitolea bomba la maji. Maji yako wapi?" Upepo ukapiga bango, likalia kama bati. "Kama mtaro ni wenu, tulipeni jasho letu, kila mtu hapa, hata yule bibi. Kama hamkutulipa, basi ni wetu, na wa kwetu tunaufukia. Chagua moja. Ukisema hatukuchimba sisi, msomee afande lile bango. Yule pale si mimi?"

Askari aligeuka akalitazama bango. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Akamtazama Dorkas wa kwenye picha, kisha huyu wa vumbi.

"Bwana Injinia," alisema hatimaye, "watu kufukia shimo walilochimba wenyewe, mimi niandike kosa gani?"

"Afande, bosi atapiga simu!"

"Apige. Nyie kama mna madai, nendeni baraza la ardhi. Na nyie pia, mama."

"Sisi tumeshajiandaa," Dorkas alisema. "Sisi ni Wapare."

Simu zilipigwa, ndiyo. Rodgers aliapa kwamba ipo siku ataleta tingatinga, na huenda atalileta. Watu wa namna yake hawachoki, wanabadilisha kofia tu. Lakini vibanda havikuvunjwa Ijumaa ile, wala Jumamosi. Kaya zikachangishana kwa ajili ya kesi, na Koleta, ambaye hakuna aliyejua kama ana mfugo, alitangaza kwamba ana ng'ombe kwa dada yake kule Bendera, na kama ni kumwuza, auzwe. Bango walitaka kuling'oa, Dorkas akakataa.

"Liacheni. Ndiye shahidi wetu, huyo mwenye meno."

Sufuria ilirudi jikoni jioni ile ile, kwa kuwa Fredrick alimaliza ngwe yake. Kochi likabaki. Madereva wa malori walilipenda; walipokezana kulikalia wakila makande, vumbi la barabara likaingia kwenye vitambaa vya kufuma, na mtu mmoja wa Kileo akamwaga mchuzi.

Mtaro wote ulikuwa umefukiwa, isipokuwa kipande kimoja. Katikati, mbele kabisa ya kibanda, watu walikuwa wameacha ngwe moja wazi, imepimwa sawa na zote, na pembeni yake wamechomeka chepe.

Clemence alivumilia siku kadhaa, akikaa barazani kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kisha akaja, mchana kweupe, amevaa shati la ofisini, na mtaa mzima ukapata shughuli za kufanya milangoni.

"Mama Tumainieli. Nimekuja kuchukua kochi langu."

"Karibu, Mwenyekiti. Umepona?"

"Usinifanyie hivyo mbele za watu. Mimi ni kiongozi."

"Ndiyo maana tumekuachia ngwe ya mbele."

Akalitazama chepe. Akatazama huku na huku. Shamsa alisimamisha cherehani. Fredrick, mlangoni, alijisugua mgongo na kusema, bila kumlenga mtu, kwamba udongo wa pale ni mlaini, haumsumbui mtu mzima.

Clemence alifungua vifungo vya mikono, kimoja, kingine. Akashika mpini. Chepe la kwanza liliingia kidogo tu, kama kijiko cha mgonjwa, na udongo ukadondoka shimoni kwa sauti ndogo.

"Zamisha," Dorkas alimwambia, huku anakoroga sufuria. "Mbona kwenye makande ulikuwa unazamisha?"